Mpiga Ngoma wa Nyumba ya Juu

Sogeeni karibu niwategee moja, na leo sitaki mji wa mtu. Nyumba yangu ya juu ina madirisha mawili. Kaja mpiga ngoma ambaye hakualikwa, kaketi darini, anapiga wala hapumziki, na kila akipiga, madirisha yanajaa vimulimuli. Ni nani huyo?

Nawaona, mmeshafungua midomo. Ifungeni kwanza. Aliyekuwa hodari wa kulijibu hili kuliko watu wote alikuwa mfuaji wa shuka katika hospitali ya mlimani, kule Upare. Jibu lake lilikuwa sahihi kabisa, na halikumsaidia kitu. Kwa hiyo tulieni, tusikilizane.

Siku ninayoisema, Bibi Nakiete alikuwa kibarazani kwake anachambua maharage ya makande, sinia mapajani, miwani imeshuka hadi ncha ya pua. Umri wake ulikuwa miaka sabini na minne. Arobaini kati ya hiyo aliimaliza katika wodi ya wazazi, akiwapokea watoto kwa mikono yake miwili, hata akifika sokoni nusu ya watu walimwita bibi na nusu nyingine walimwita sista. Kioo cha ukutani kikamwita kwa jina, akatokea msichana aliyevaa sare nyeupe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, bibi. Mimi Atuganile, muuguzi wa wodi yako ya zamani. Nina mzazi hapa, ana siku tatu, taa yake haitaki kugeuka kijani."

"Hajibu?"

"Anajibu. Vitendawili vyote, hajakosa hata kimoja."

"Sasa mimi mnanitakia nini? Nimestaafu ninyi mkiwa bado mnanyonya."

Atuganile akacheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi. "Vitendawili ni vyako, bibi. Na kwenye karatasi zake pameandikwa jina la mama yake. Niendiwe."

Bibi Nakiete aliweka sinia chini polepole, asije akamwaga. Maharage yalimwagika hata hivyo.

*

Barabara ya kupanda hospitalini ilikuwa imechukuliwa na mvua zamani, na watu sasa walipanda kwa vigari vya kamba, vile vinavyoning'inia vikapita juu ya migomba kama buibui anayerudi kwake. Bibi Nakiete hakuvipenda, lakini alipanda, akafumba macho, akayafumbua kwenye kona ya mwisho kwa sababu alijua pale ndipo pa kuonea uwanja wa nyuma.

Nguzo zilikuwepo bado. Nguzo sita za mti, kamba hakuna. Zamani, asubuhi kama hii, pale palianikwa shuka arobaini, nyeupe, zikijaa upepo mpaka unadhani mlima mzima unataka kuondoka. Harufu ya sabuni ya kipande iliingia wodini kabla ya jua. Na pamoja na harufu ikaingia sauti ya Niendiwe, maana Niendiwe alikuwa hafui bila kuimba, na akichoka kuimba alisema, na akichoka kusema alicheka. Siku hizi shuka husafishwa kwa mwanga ndani ya sanduku, dakika mbili, hazinuki chochote. Ni safi sana. Bibi Nakiete hakuwa na neno la kuzilaumu. Alizionea tu uchungu, kama unavyomwonea mtoto asiyejua kucheza.

Atuganile alimpokea kituoni, akamshika mkono. Walipokuwa wanatembea alimweleza jambo lililomsumbua.

Hapo lazima niwaambie juu ya Sikio. Sikio ni kitu kidogo, ukubwa wake kama kipande cha sabuni kilichotumika nusu. Huwekwa juu ya mto wa mzazi siku ya kuruhusiwa, linamtegea vitendawili vya hatari, naye anajibu. Lakini halisikilizi jibu peke yake. Linasikiliza pumzi kabla ya jibu, na mate yanavyomezwa, na damu ya shingoni inavyokwenda. Mtu akisema "damu ikijaza pamba kabla ya saa moja nirudi hospitali", Sikio linajua kama neno limetoka mdomoni tu au limepita tumboni kwanza. Likitoka mdomoni, taa ni njano. Likipita tumboni, taa ni kijani, na mlango wa wodi unafunguka. Sheria ilikuwa hivyo kila mahali: hakuna mzazi aliyetoka na taa ya njano. Na tangu sheria hiyo, kaburi la mzazi lilikuwa limekuwa kitu cha kusimuliwa.

"Njano tangu saa mbili," Atuganile alisema. "Kikuku cha presha tumemvua asubuhi, namba zake zilikuwa nzuri siku zote tatu. Mtoto ananyonya. Mama mkwe yuko kituo cha chini na chupa mbili za uji, ananipigia kila robo saa. Na Sikio linasema hivyo hivyo: *hajapokea*."

"Mwambie mama mkwe uji haugandi."

"Nimemwambia. Kanijibu na mimi nizae kwanza."

*

Naelijwa, mzazi mwenyewe, alikuwa amekaa kitandani, mtoto kifuani, mkoba umefungwa miguuni. Pazia lilikuwa limeshushwa. "Jua linamuumiza mtoto," alisema kabla hajaulizwa. Akaamkia vizuri, "Shikamoo bibi," na alipotabasamu, mwanya wa meno ya mbele ukaonekana, na Bibi Nakiete akalazimika kutafuta kiti.

Ulikuwa mwanya ule ule. Miaka ishirini na saba ilikuwa imepita, na mwanya ulikuwa umerudi wodini.

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa unawashinda."

"Nawajibu tu, bibi. Nyumbani nimekua na vitendawili hivi. Baba alikuwa ananitegea nikichuma chai."

"Basi ngoja nikutegee mimi, mwenye mali." Bibi alijikohoza. "Ndugu wawili walilala sawa, mmoja akaamka mnene ana moto."

"Mguu mmoja umevimba, unauma. Nisiukande, nije hospitali."

"Jua limechomoza ndani ya blanketi, mwenye nyumba anatetemeka."

"Homa. Hasa kama na uchafu unanuka."

"Mgeni kakaa kifuani, haagi, anamnong'oneza mwenyeji asimpende mtoto."

"Huzuni ya uzazi. Nimwambie mtu, nisione haya."

"Nyumba yangu ya juu ina madirisha mawili..."

"Kichwa," alisema Naelijwa haraka, kabla mpiga ngoma hajaketi. "Kichwa kuuma sana na macho kuona nyota. Ni dalili ya kifafa cha uzazi. Nije mbio."

Yote sawasawa. Sikio lililala juu ya mto, na taa yake ilikuwa njano kama kiini cha yai.

"Unaona?" Naelijwa akasema, safari hii bila tabasamu. "Bibi, mimi naomba kukuuliza. Wewe ulikuwepo hapa zamani. Baba hupenda kusema mama alikuwa anayajua haya kuliko wauguzi. Kwamba alikuwa anajibu kutoka dirishani, wazazi wanacheka. Akanizaa hapa, akarudi nyumbani, siku ya sita akafa. Kwa kifafa. Na kichwa kilimuuma siku mbili nzima." Alimweka mtoto bega la pili. "Nataka kujua kitu kimoja. Siku anaondoka hapa, alifundishwa?"

Bibi Nakiete alivua miwani, akaipangusa na pindo la kanga. Ilikuwa safi.

"Mama yako alikuwa na sauti," alisema. "Hujapata kusikia sauti kama ile. Shuka zilikuwa zinakauka kwa sauti ile."

Naelijwa alimtazama akingoja. Bibi akasema anakwenda kunywa maji.

*

Chumba cha kufulia ndicho kilichokuwa sasa chumba cha sauti. Makarai yalikwisha ondoka, na pale palipokuwa na jiko la kuchemshia pamesimama kabati jeusi, refu, linalopumua taratibu. Lakini dirisha lilikuwa lile lile, dirisha dogo linalotazama baraza la wodi, na kizingiti chake kilikuwa na shimo lililolika kwa viwiko vya mtu mmoja.

Nisemeje habari ya dirisha lile! Kila asubuhi, wazazi wa kuruhusiwa walikaa barazani kwenye benchi refu, vichanga mapajani, na Sista Nakiete akasimama mbele yao. Kitabu cha serikali alikuwa nacho, ila alikuwa ameona kwamba ukimsomea mzazi kitabu anakiitikia kama sala, na akifika getini amekiacha hapo. Ndipo akageuza hatari zote kuwa vitendawili. Akitega, wazazi wanakuna vichwa. Wakishindwa, anadai mji.

"Nipeni mji!"

"Chukua Tanga!"

"Tanga nimekwenda, nimekula samaki, nimerudi. Jibu ni..."

"Mguu!" inadakia sauti kutoka dirishani, na mikono yenye povu hadi kwenye kiwiko.

"Wewe wa sabuni, nyamaza! Nimekosa hata Tanga yenyewe!"

Benchi zima linaangua kicheko, hata yule aliyeshonwa nyuzi anashika tumbo analalamika, "Sista mtaniua." Miaka sita ilikwenda hivyo. Miaka ile mtu alipeleka nyumbani mtoto na kitendawili, akamtegea dada, dada akamtegea jirani, na mzazi aliyeona damu nyingi alirudi upesi. Wote waliorudi upesi walitibiwa, wakashuka mlima kwa miguu yao.

"Wakati ule mlikuwa mnarekodi," Atuganile alisema. Alikuwa amesimama mbele ya kabati. "Daktari mmoja aliweka kinasa sauti barazani, akitaka vitendawili vipelekwe hospitali nyingine. Kila asubuhi imo humu. Na kila asubuhi Niendiwe yumo. Sauti yake ni nyingi, bibi, saa mia na zaidi. Sikio linaweza kumsemesha."

"Kumsemesha nani?"

"Niendiwe. Anaweza kumtegea mwanawe vitendawili, kwa sauti yake, akamwita jina. Limejaribiwa. Mzazi hasikii muuguzi kama anavyomsikia mama yake. Wengi taa inageuka pale pale." Aliangalia chini. "Ila nyimbo na mafunzo vina mwenyewe. Kusikiliza naweza kukufungulia, lakini bila kidole gumba chako Sikio haliruhusiwi kuitumia sauti."

Bibi Nakiete akakaa kwenye kizingiti. "Na huyo atakayesema, atasema yaliyomo tu? Au na mengine?"

"Kwenye mambo ya dawa haliruhusiwi kukosea hata chembe," Atuganile alijibu. "Kwenye mengine linaachiwa. Linatafuta neno litakalomfaa mgonjwa."

"Hata kama Niendiwe hakulisema."

"Hata kama hakulisema."

Bibi akasema, "Mwanangu, kabla hujafungua lote, nifungulie siku moja." Akaitaja tarehe bila kufikiri, kama mtu anayetaja nyumba yake.

Kabati likapumua. Likatoka baraza zima: vichanga, kijiko kinagonga kikombe, benchi linalia. Na sauti ya mwanamke wa miaka arobaini na saba, changamfu, yenye haraka.

"Haya, aliyebaki nani? Niendiwe! Leo wewe ndiye uko kwenye benchi!"

Vicheko. Mzazi mmoja akasema, "Huyo umtegee nini, sista, naye ndiye kitabu?"

"Kweli. Huyu atatufundisha sisi," ile sauti changamfu ikasema. "Nenda mama, nenda kapumzike, nimekuwekea alama. Haya, tufunge, gari la dawa limefika."

Halafu, chini kabisa, karibu haisikiki, sauti ya Niendiwe. "Sista..."

Kinasa kikazimwa pale.

Atuganile alikuwa hajazaliwa siku ile. Bibi Nakiete alitazama nguzo kupitia dirishani. Alijua alichoandika kwa mkono wake mwenyewe, kwenye daftari la wodi: *amefundishwa*. Akatia alama ya pata. Alikuwa amemwona mwanamke yule akijibu miaka sita, akadhani kujibu ndiko kujua. Wala hakuwaza kwamba aliyejibu kutoka dirishani alikuwa akijibu habari za watu wengine, wale wa kwenye benchi, na kwamba siku alipokaa yeye kwenye benchi hakuna aliyemgeukia. Nyumbani kichwa kilipoanza, Niendiwe alijifunga kanga kichwani akawaambia ni mvuke wa sabuni wa miaka yote. Mumewe alisimulia hivyo msibani. Sista Nakiete alikuwepo msibani, alibeba kuni, alipika, na hakusema.

"Alitaka kusema nini?" Atuganile akauliza. "Pale mwisho?"

"Sijui. Ndiyo sijui, mwanangu. Gari la dawa lilikuwa limefika."

Sasa shida yake ilikuwa hii, nanyi muipime. Akimwambia msichana ukweli, huenda akawachukia wote, akachukua mkoba akaenda na taa yake ya njano kwa njia za panya, maana hakuna mlango usio na upenyo. Akiliachia Sikio, msichana angesikia mama yake, angelia, angepokea, angerudi nyumbani mzima. Na Bibi Nakiete angebaki na siri yake, imekunjwa vizuri kama shuka. Uongo huo ungeokoa mtu. Ni nani angeulaumu?

Aliweka kidole gumba kwenye kabati.

*

"Naeli," Sikio likasema.

Hiyo tu. Mtoto aliyekuwa analia akanyamaza. Naelijwa akageuza shingo polepole, kama mtu anayeogopa kumwamsha ndege.

"Naeli wangu. Umekuwa mkubwa, nami sikukuona. Na huyo mikononi ni nani?"

"Ni... ni wa kike," Naelijwa akasema, na machozi yakaanza bila yeye kujua. "Bado hatujampa jina."

"Ana shingo fupi kama babu yake. Maskini." Na kicheko kikafuata, kicheko kile, chenye povu ndani yake. Bibi Nakiete alishika ukuta. Palikuwa na asubuhi arobaini, mia, elfu, zote zimeingia chumbani kwa mkupuo, na alisikia harufu ya sabuni, anaapa alisikia. Angetoa vyote alivyonavyo kukaa katika dakika ile.

Sauti ikatega. Naelijwa akajibu. Sauti ikatega tena, na safari hii Naelijwa alikawia, akameza mate, akajibu kwa sauti ya chini. Taa juu ya mto ikaanza kufifia, njano ikawa kama majani machanga. Atuganile alimbana bibi kiwiko: unaona!

Ndipo Naelijwa akauliza.

"Mama. Siku ile unaondoka hapa. Walikufundisha?"

Sikio lilikaa kimya kidogo, kiasi cha pumzi moja. Bibi Nakiete alielewa kimya kile. Lilikuwa linatafuta neno la kumfaa mgonjwa.

"Ndiyo mwanangu," ikasema sauti ya Niendiwe, kwa upole. "Sista alinifundisha yote. Alikaa nami, akarudia mara mbili. Nawe wasikilize hivyo hivyo."

Neno lilikuwa zuri. Lilimsafisha Bibi Nakiete kutoka kichwani hadi miguuni. Kwa miaka ishirini na saba hakuna aliyemsafisha hivyo. Na mara ile ile akaiona taa.

Ilikuwa imerudi njano. Njano nzito kuliko mwanzo.

Naelijwa alikuwa amefuta machozi. Uso wake ulikuwa umetulia, utulivu mbaya, kama wa mtu anayefunga mlango bila kuupiga. "Basi," alisema. "Ndivyo nilivyodhani. Alifundishwa, akarudiwa mara mbili, akayajua yote, na akafa vile vile." Akaanza kumfunga mtoto kwenye kanga. "Ya kuja yanakuja tu. Zima hicho kitu, sista. Mama mkwe ananingoja."

"Naelijwa, subiri kidogo..." Atuganile alianza.

"Nisubiri nini? Nimejibu yote!"

Bibi Nakiete alikwenda mpaka mchagoni pa kitanda. Akalichukua Sikio, akalifunika na kiganja kama unavyofunika mdomo wa mtoto mwenye adabu mbaya, likazima. Akakaa kitandani bila kuombwa.

"Huyo si mama yako," akasema. "Sauti ni yake, maneno si yake. Uliniuliza mimi, nikakimbilia maji. Sasa nakujibu. Hakufundishwa."

Naelijwa akaacha fundo la kanga mkononi.

"Mimi ndiye nilikuwa sista. Benchi lilikuwa pale barazani. Wote niliwategea, nilipofika kwake nikacheka, nikasema huyu atatufundisha sisi, nikamwandikia kuwa amefundishwa. Alijua majibu. Hakuna aliyemwambia kwamba siku ile majibu yalikuwa yake. Na aliniita. Nilikuwa nafunga kitabu, akasema 'sista', nami nikaenda kulipokea gari la dawa."

Chumbani kulisikika kamba za vigari zikilia mlimani, mbali.

"Alikuwa anataka kusema nini?"

"Sijui, mwanangu. Nimekaa nikijiuliza tangu upo na siku sita. Pengine alitaka kunidai sabuni. Pengine kichwa kilikuwa kimeanza. Wote waliosema mapema nimewaona wakishuka mlima kwa miguu. Mama yako hakushindwa na ujuzi wake. Alishindwa kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Ukitaka kunitukana, nitukane, haki yako. Ukitaka kunipiga, huyu Atuganile hataona."

"Sitaona," Atuganile alisema, na pua imejaa machozi.

Naelijwa hakutukana. Aliinamisha uso kwa mtoto, mabega yakatetemeka, na ilichukua muda. Na katika muda ule Bibi Nakiete, kwa kuwa sasa hakuwa na kitu cha kuficha, akaanza kuona kama alivyokuwa anaona zamani. Akaliona pazia. Jua linamuumiza mtoto. Lakini mtoto alikuwa amelala na kisogo kimeelekea dirishani. Akaona jinsi msichana anavyokunja macho hata humo kwenye kivuli. Akakumbuka kitendawili kile kimoja, kilivyojibiwa mbio mbio, kabla hakijaisha, kama mtu anayefukuza kuku.

Haya yalikuwa mbele yake tangu alipoingia, naye alikuwa anapangusa miwani.

Akamfungua Naelijwa vidole kwenye fundo, akaushika mkono.

"Vitendawili nimemaliza," akasema. "Nakuuliza lile ambalo sikumuuliza mama yako. Wewe Naelijwa, si wa kwenye benchi, si wa kwenye kitabu. Unajisikiaje?"

Atuganile alitaka kusema kitu, bibi akamnyamazisha kwa jicho. Wakangoja. Huko chini mama mkwe alipiga tena, kioo cha ukutani kikalia, kikalia, kikachoka chenyewe. Mtoto alipiga chafya. Naelijwa akautazama mkoba wake uliofungwa miguuni.

Kisha akapandisha mkono polepole, akauweka kwenye paji la uso.

"Amekuja, bibi," akasema. "Mpiga ngoma. Tangu asubuhi, mliponivua tu kikuku. Na sasa hivi nakuona nusu. Nusu yako ile nyingine ni vimulimuli vitupu."